Modemu yako haijafa: kuunganisha intaneti kwenye kompyuta ya Linux

Leo tuache kidogo mbegu na viuatilifu, tuongelee kifaa kidogo kilichowahi kuwakosesha wakulima wangu mbolea.

Msimu mmoja nilitakiwa kutuma wilayani orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku. Mwisho ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Kompyuta tunayotumia pale kata ilikuwa imeliwa na virusi vya flashi mara nyingi, hadi rafiki yangu mmoja akaifuta na kuweka Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Ikawa nyepesi na inawaka haraka. Lakini Ijumaa ile nilipochomeka modemu, ilionekana kama CD yenye programu za Windows. Intaneti hakuna. Nikachomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha. Saa nane nikapanda bodaboda kwenda mjini na flashi mfukoni. Kule steshenari faili likagoma kufunguka. Orodha ilifika Jumatatu, sisi tukawa nje.

Kijijini nilisema mtandao ulisumbua. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza: “Bwana Shamba, sisi tukikwambia jua limeua mahindi unatuuliza tulipanda lini. Huo mtandao ulikusumbua vipi?” Sikuwa na jibu. Mtandao ulikuwepo. Mimi ndiye nilikuwa sijui.

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Modemu nyingi za USB zina vitu viwili ndani: stoo ndogo ya programu za Windows, na modemu yenyewe. Ukiichomeka inaanza kama stoo. Kwenye Windows, programu zile ndizo zinazoigeuza iwe modemu. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na programu iitwayo usb_modeswitch, ila kuna modemu inashindwa kuzigeuza. Ikishageuka, kompyuta inaiagiza modemu ipige namba, mara nyingi *99#, kama enzi za intaneti ya simu ya mezani. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke.

1. Chomeka modemu, subiri nusu dakika. Bonyeza Ctrl+Alt+T ufungue Terminal, uandike:
lsusb
Tafuta mstari wa modemu yako, uandike namba zake pembeni. Yangu ilisoma 12d1:1446. Hapo bado ilikuwa stoo.

2. Igeuze kwa kuitoa ile CD ya bandia:
sudo eject /dev/sr0
Utaulizwa neno la siri la kompyuta. Ukiliandika halionekani, usishtuke. Kama kompyuta ina sehemu yake ya CD na ndiyo iliyofunguka, weka sr1 badala ya sr0. Kisha rudia lsusb. Namba zikibadilika, imegeuka. Yangu ikawa 12d1:1001.

3. Hakikisha:
ls /dev/ttyUSB*
Ukiona ttyUSB0, kompyuta sasa inaiona kama modemu. Baadhi ya modemu zinaonekana kama ttyACM0, nayo ni sawa.

4. Fungua mipangilio ya mtandao. Kwenye Ubuntu yangu nilibonyeza alama ya mtandao juu kulia, nikachagua “Edit Connections”, “Add”, halafu “Mobile Broadband”. Chagua nchi, kisha kampuni ya laini yako. Ukiulizwa APN na huijui, piga huduma kwa wateja, usikisie. Jina la mtumiaji na neno la siri mara nyingi huachwa wazi.

5. Angalia PIN ya laini. Hapa nilipoteza jioni nzima, modemu imegeuka vizuri lakini haiungi. Kumbe laini ilikuwa na PIN. Ukikosea mara tatu itadai PUK. Njia rahisi ni kuiweka laini kwenye simu, uondoe PIN, ndipo uirudishe.

6. Hifadhi, kisha bonyeza jina la muunganisho uliotengeneza. Ukiunganika, zima masasisho ya kujipakua yenyewe kabla hujafanya kingine, la sivyo bando litaisha na kazi yako haijaenda.

Unaona ni kama tunavyofanya shambani. Jani likiwa njano hukimbilii kupulizia dawa. Unaangalia udongo, maji, mizizi, halafu wadudu. Mimi siku ile nilikuwa nachomoa na kuchomeka tu, sikupima chochote.

Ushauri wangu mwingine: jaribu modemu wiki moja kabla ya siku ya mwisho, na nakala ya orodha iwe sehemu mbili, siyo flashi moja.

Msimu uliofuata nilituma orodha Jumatano nikiwa palepale ofisini, nikapiga simu kuhakikisha imepokelewa. Mbolea ilipofika nilimfuata yule mama nikamweleza ukweli: mwaka ule mtandao haukusumbua, nilikuwa sijui kuunganisha. Akanyamaza kidogo, akasema, “Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu. Ile mifuko miwili niliuza mbuzi.”

Ndiyo maana nimeandika haya. Kama una modemu mezani na siku ya mwisho iko wiki ijayo, ichomeke leo.