Kutoka Uvira Mpaka Fizi, Sikio Likiwa Kwenye Moteri



Anayetoka Uvira kwenda Baraka anakuwa na ziwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume karibu safari yote. Ni barabara ya taifa, namba 5, lakini namba haisaidii kitu mvua ikinyesha. Tunapita Makobola, Mboko, Nundu, Abeka, ndipo Baraka. Na mwenye shughuli Fizi anaendelea kupanda mlima. Gari tunazopanda ni za zamani. Nyingi zilitumika Japani kwanza, zikashukia bandari ya Dar es Salaam, zikafika kwetu na usukani upande wa kuume, hali sisi Congo tunapita kuume kwa njia. Kwa hiyo shofere anakaa karibu na mtaro, na mama aliyekaa mbele ndiye anayeona kwanza gari linalokuja. Ikiwa macho yetu yanamsaidia shofere, masikio nayo yasilale.

Moteri iliyozeeka kwa kawaida haifi bila kusema. Inasema siku nyingi, na sisi tulio ndani tunasikia, ila tunanyamaza kwa kudhani kwamba mambo ya gari ni ya wanaume. Halafu gari linasimama porini jua likizama, ndagala wanaoza ndani ya magunia, mtoto anakunywa maji ya mtaro. Kuna shofere ambaye kelele ikianza, dawa yake ni kuongeza redio. Huyo tumjue mapema.

Tuanzie Uvira, asubuhi, moteri ikiwa baridi. Gari likiwashwa likapiga yowe kali, kama nguruwe aliyekamatwa, kisha likanyamaza baada ya dakika moja, mara nyingi ni mkanda wa mpira, ule mafundi wanaouita kuruwa. Umelegea au umechakaa. Kwenye gari nyingi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji na kuchaji betri, basi ukikatika njiani moteri itachemka na taa zitafifia. Fundi akidondoshea maji kidogo juu yake na yowe likabadilika, amepata jibu. Kazi ya kuukaza ni ndogo, na mahali pa kuifanya ni Uvira, si Makobola.

Sauti nyingine ya asubuhi ni tik-tik-tik nyepesi, juu ya moteri, kama cherehani. Ikipungua moteri ikipata joto, hakuna haja ya kushuka, lakini mwambie shofere apime mafuta ya moteri. Gari liwe mahali tambarare, moteri imezimwa dakika kumi hivi, kijiti kivutwe, kipanguswe, kirudishwe, kivutwe tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakiwa chini, yaongezwe. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mahali yasipotakiwa, na hapo tafuteni gari lingine.

Mafundi wa kwetu wana namna yao ya kutafuta sauti, nami naipenda sana. Anachukua turnevisi ndefu, anagusisha ncha kwenye chuma cha moteri na mpini kwenye sikio, anahama mahali kwa mahali. Kila mama aliyejifungulia maternite anaifahamu kazi hiyo: ni ileile ya muuguzi anayeweka pembe ya mbao juu ya tumbo na kusikiliza moyo wa mtoto. Daktari Mfaransa, Laennec, alianza hivyo mwaka 1816, kwa karatasi aliyoikunja mviringo ili asikie kifua cha mgonjwa. Chuma nacho kinapitisha sauti, na fundi mwenye subira anajua kelele inatoka wapi kabla ya kufungua boloti hata moja. Anayefungua kwanza na kusikiliza baadaye, mtamlipa mara mbili.

Sauti ya kuogopa ni nyingine. Inatoka chini ya moteri, nzito, ko-ko-ko, kama mchi ndani ya kinu, na inaongezeka gari likibeba uzito au shofere akikanyaga. Ndani ya moteri vyuma vinazunguka bila kugusana kwa sababu kuna utando mwembamba wa mafuta katikati. Utando ukikosekana, chuma kinasaga chuma. Ukiona na taa nyekundu ya mafuta inawaka, usikubali neno la "tufike Mboko kwanza." Dakika chache zinatosha kuua moteri nzima. Mwambie kwa heshima na kwa sauti ya kusikika: "Papa shofere, kuna kitu kinagonga chini. Zima, tuangalie mafuta." Lita moja ya mafuta hata sisi abiria tunaweza kuichangia. Moteri nzima hatuiwezi.

Gari la mazutu, lakini, linagonga tangu kuzaliwa kwake. Ndiyo maana ni vizuri chama kikikodi gari kwa mizigo, kikodi lile lile: masikio yanazoea sauti yake ya kila siku, na ile mpya inajitenga yenyewe. Kama hamjui kelele ni ya moteri au ya magurudumu, gari lisimame na shofere akanyage kidogo. Ikiendelea, ni moteri. Ikinyamaza na kurudi tu mkitembea, tazameni chini, kwenye magurudumu na springi.

Mashimo ya njia hii yanavunja bomba la moshi. Gari linaanza kunguruma kama trakta, watu wanacheka, safari inaendelea. Mimi hapo sicheki. Moshi wa moteri una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na bomba likivunjika chini ya viti inapanda ndani, zaidi vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya mvua au vumbi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, watoto wanalala. Mama anadhani mtoto amechoka. Kama watu wawili watatu wanaumwa kichwa pamoja, fungueni vioo vyote, simamisheni gari, shusheni watoto wapate hewa, na atakayebaki mzito wa kuamka apelekwe hospitali. Nundu iko njiani, na Baraka ipo.

Baraka shofere anaongeza esansi, mara nyingi kwa akina Kadafi, wale wa chupa kando ya njia. Chupa haisemi kama imechanganywa na mafuta ya taa. Mlima wa Fizi ndio unaosema. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari, na kutoka hapo ni kupanda. Gari likiwa limejaa, utasikia kri-kri-kri, kama misumari inayotikiswa katika mkebe: esansi mbaya inawaka kabla ya wakati wake. Shofere ashushe vitesi, apunguze kukanyaga, asilazimishe. Mkifika juu, asifungue radiateri yenye moto. Maji yale yameunguza nyuso za watu.

Na wakati wa kurudi Baraka, mtelemkoni, moteri inayovuma kwa nguvu katika vitesi vidogo inawashika msiporomoke, msiiogope. Kuna shofere anayeizima ili kuokoa esansi. Gari linateleza kimya, upepo mzuri, ziwa linaonekana lote chini. Lakini moteri ikizimwa breki inakuwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani unakuwa mzito. Mwambieni aiwashe kabla ya kona ya kwanza.