Bibi Yangu Alibaki Bukavu

Siku niliyomjua fundi yule nilikuwa nimempelekea suruali mbili za kupunguza. Kibanda chake kiko pembezoni mwa soko la Busia, upande wa Uganda, na cherehani yake ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, maua yake ya dhahabu yamefutika pale kiganja kinapopita kila siku. Nilimsikia akimwambia mteja "aksanti", nikajua katoka Kongo. Nikamsalimu kwa Kiswahili cha kwetu Pangani, naye akainua uso haraka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Tukaongea habari za mvua na bei ya uzi. Nikamuuliza kama ana watu wake huku. Akasema, "Bibi yangu alibaki Bukavu." Nikamjibu kwamba wazee hawapendi kuhama, ukimng'oa mzee kwenye ardhi yake unampunguzia siku. Akaniangalia kidogo, akarudisha macho kwenye kitambaa, akaendelea kushona.

Ilipita miaka mitatu kabla sijaelewa nilimwambia nini.

Nilikuwa nimekuja Buhehe mwaka 2016 kufundisha Kiswahili katika shule binafsi ya sekondari. Buhehe ni gombolola ya wilaya ya Busia, nchi ya Wasamia, nchi ya muhogo na mtama, na samaki wanafika kutoka Majanji wangali na harufu ya ziwa. Miezi ya mwanzo, kila Jumamosi nilikuwa napanda bodaboda kwenda mjini kukutana na wageni wenzangu. Tulikuwa na meza yetu kwenye hoteli moja ya chai: walimu wawili kutoka Kenya, muuza vipuri kutoka Musoma, Mrundi mmoja wa biashara ya mitumba, na mimi. Nisiseme uongo, meza ile ilinisaidia. Mtu akiwa ugenini wiki nzima akijieleza kwa kila mtu, kukaa mahali asipohitaji kujieleza ni kama kuvua viatu vinavyobana.

Lakini mazungumzo yetu yalikuwa ya aina moja. Mwenye nyumba kapandisha kodi. Mshahara umechelewa. Watu wa huku wako hivi, watu wa huku wako vile. Kila mmoja alikuja na lake la wiki, na aliyekuja na chungu zaidi ndiye aliyesikilizwa zaidi. Mwezi wa nne au wa tano, Mrundi hakuja, tukaulizana kama anaumwa, na hapo nikagundua kwamba hakuna hata mmoja mezani aliyejua anakoishi, wala kama ana mke, wala kama ana mtoto. Tulijua tu anachokichukia. Niliona aibu, nikaacha kwenda.

Kuacha kwenda sijutii. Ninachojuta ni kile nilichokiweka mahali pake. Nilijiambia kwamba mimi si mgeni wa kujikusanya na wageni, mimi nitakaa na wenyeji. Nikajifunza kusema "mulembe", salamu yao, na kuijibu inavyotakiwa. Nikalima bustani, nikahudhuria misiba na harusi, nikaitwa "Mwalimu wetu". Nilipokutana na Mtanzania au Mkongo njiani nilimsalimu vizuri na kupita. Nilidhani huko ndiko kukomaa.

Na mahali penyewe palinipa hoja. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa mzima wa mashariki wa Uganda, kuanzia Naivasha hadi Ziwa Victoria, ukawa sehemu ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka wa leo ukawagawa Wasamia na Wateso, kila kabila likawa na nusu huku na nusu kule. Hapa Busia mtu hana haja ya kitabu cha historia kuyajua hayo. Moody Awori alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Ndugu yake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001, akawahi pia kuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini na waziri. Ndugu wa damu, nchi mbili, na hakuna mzee wa Buhehe anayeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Jirani yangu ana shamba upande huu na dada zake wameolewa Funyula, upande wa Kenya. Mpaka kwake ni kituo cha kulipia ushuru. Hata neno bodaboda, ambalo Afrika Mashariki nzima inalitumia, asili yake ni vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka forodha moja hadi nyingine, wakiita wateja kwa jina la mpaka wenyewe. Basi nikasema, kama mahali hapa Mkenya si mgeni, nani atakuwa mgeni? Nami nikajihesabu nimo.

Sikuwa nimeona kwamba ugeni hapa una ngazi, na kwamba nami nilikuwa nazipanda. Mzungu wa utafiti au wa kujitolea, pale Tororo, anaitwa mtaalamu. Mkenya anaitwa Mkenya tu, Mhindi mwenye duka anaitwa tajiri, na Mkongo, hata awe na ufundi wa kuwashonea wote hao, anaitwa mkimbizi. Mimi niliyejidai sina haja na wageni nilikuwa na rafiki mmoja Mmarekani, kijana aliyejitolea kufundisha sayansi. Alitaka kujifunza Kiswahili nami nilifurahi kuonekana naye. Tarehe 15 Machi 2020 Peace Corps, shirika la Marekani lililomleta, ilitangaza kuwarudisha nyumbani wafanyakazi wake wa kujitolea dunia nzima kwa sababu ya korona. Kijana yule aliondoka ndani ya siku chache. Aliniachia sufuria mbili na karatasi yenye maneno ya Kiswahili yasiyo na kosa hata moja. Sina kinyongo naye, hakujiondoa mwenyewe. Lakini niliapa moyoni kwamba sitajichosha tena na rafiki ambaye sanduku lake halijafunguliwa lote.

Wiki hiyohiyo shule zikafungwa, mpaka ukafungwa kwa abiria, magari ya mizigo peke yake yakaruhusiwa kupita, na foleni ya malori pale Malaba na Busia ikawa ndefu kupita macho. Mwezi Aprili, baada ya alfajiri, kaka yangu akapiga simu kutoka Pangani. "Mama katangulia. Tunamsitiri alasiri."

Majirani zangu wa Buhehe walikuja. Nataka niliseme hili kwa sauti, kwa sababu mikusanyiko ilikuwa imekatazwa, wakaja kwa zamu, watatu watatu. Wanaume walileta viti, wanawake walileta unga wa muhogo na samaki. Jioni wakawasha moto nje ya nyumba yangu kama vile maiti yuko ndani. Na kila aliyeingia, baada ya kunipa pole, aliniuliza jambo moja: "Mwalimu, mbona hawakukungoja?"

Kwa Msamia, mazishi bila mtoto wa marehemu hayaeleweki. Maiti anakaa siku kadhaa, watu wanafika kutoka pande zote mbili za mpaka, na mtoto lazima atupe udongo. Nilieleza kwamba dini yetu inahimiza kuharakisha. Wakaitikia kwa kichwa. Akaja mwingine, akauliza. Bibi kizee wa nyumba ya pili alinishika mikono yote miwili, machozi yakimtoka, akasema, "Mwanangu, wangekungoja." Waliuliza kwa mapenzi, na kila swali lilinirudisha kwenye kaburi nisilolijua liko upande gani wa mwembe.

Siku ya tatu, saa kumi hivi, fundi alifika kwa baiskeli kutoka mjini. Sijui habari alizipata kwa nani. Alikuwa na kilo ya sukari na majani ya chai kwenye mfuko wa plastiki. Aliegemeza baiskeli ukutani, akasema, "Nimekuya kuikala na weye," akakaa. Hakuniuliza kwa nini sikwenda. Alikaa kimya muda mrefu mno, nami nikashangaa kuona kimya chake hakinielemei. Saa moja ya amri ya kutotoka nje ikafika, ikabidi alale.

Usiku, moto ulipobaki makaa, ndipo alipouliza, "Mama alikuwa anakupikia nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikamweleza samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, kisamvu cha nazi ambacho mama alikitwanga mwenyewe kwa sababu hakuamini mtwangio wa mtu. Kisamvu akakidaka. "Sombe! Kwetu ni sombe. Bibi yangu anatwanga hivyo hivyo, na watoto wetu wawili wanaiba ikiwa ingali ya moto." Nikarudia polepole, watoto wenu? Na hapo Kiswahili chote nilichokuwa nakifundisha kilinigeukia. Bibi, kwa Mkongo, ni mke. Hata kwetu tunasema bwana na bibi harusi. Nilikuwa na kila sababu ya kujua. Miaka mitatu nilipopita kibandani kwake kwa salamu za kupita, nilikuwa namuuliza, "Bibi hajambo?" nikiwaza ajuza aliyeketi mkekani, naye akinijibu kwamba mkewe hajambo, au kwamba simu haishiki. Na siku ya kwanza kabisa, aliponiambia ametengana na mkewe kwa sababu ya vita, mimi nilimwambia kuhama kunawapunguzia wazee siku.

Nilimwomba radhi. Akasema alishajua kwamba sikuelewa, ila alikuwa akisubiri siku ambayo tutakaa. Kisha akanieleza kwamba baba yake alizikwa Bukavu yeye akiwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na habari zilimfikia baada ya siku kumi na moja. "Siku hiyo nilishona," akasema. "Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono."

Tangu hapo nimewaza sana kuhusu majirani zangu na swali lao. Wao msiba hawajawahi kuukosa. Mpaka haujawahi kuwazuia kufika kwenye kaburi la shangazi. Barabara ikifungwa kuna njia za panya, na askari naye ana shangazi. Kumzika mtu wako kwa simu ni kitu ambacho maisha hayajawafundisha, na nawaombea yasiwafundishe. Fundi yeye alikuwa amefundishwa. Walionikalia kwa moto na samaki walikuwa watu wangu, na bado ni watu wangu. Kilichobaki nje ya moto ule, mgeni mwenzangu ndiye aliyekijua. Nami nilikuwa nimempita miaka mitatu kwa sababu sikutaka kufanana naye.

Nilirudi pia kwenye meza ya chai, hoteli zilipofunguliwa. Muuza vipuri alisharudi Musoma. Mrundi alikuwepo. Nikamuuliza habari za nyumbani, akaanza na mwenye nyumba wake, nikauliza tena habari za watoto. Ana wanne. Wa mwisho anaitwa jina la baba yake.

Mwezi Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, majuma machache baada ya kuichukua Goma. Nilisikia redioni asubuhi, nikapanda pikipiki kwenda mjini. Fundi alikuwa kazini, simu yake ameiweka juu ya meza ya cherehani, kioo kimetazama juu. Nikavuta benchi. Aliingia mama mmoja kuchukua sare za wanawe, akauliza kwa huruma ya kweli, "Fundi, mbona hukuwaleta mapema?" Fundi akatazama uzi. Nikamjibu mama yule mimi, nikamwambia barabara ya kule ni ndefu, akalipa, akatupa pole, akaenda.

Nilikuwa nimeleta sukari na majani ya chai. Sikuuliza kitu. Baada ya muda akanipa ncha ya kitenge niishike, akarudi nyuma hatua mbili na upande wake, akaanza kupima.