Njumu za Lamu: Urembo Uliozamishwa Mtini

Msafiri aendaye Lamu, katika pwani ya kaskazini ya Kenya, huliacha gari Mokowe na kuvuka maji kwa mashua. Mji umpokeao ni wa nyumba za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba, ambamo punda ndiye mchukuzi wa mizigo. Wageni wengi husimama kuistaajabia milango iliyochongwa. Lakini aingiaye katika jumba la makumbusho, mbele ya bahari, ataikuta kazi nyingine ya useremala istahiliyo kutazamwa kwa utulivu: njumu za kiti cha enzi.

Kiti hiki kina mgongo mrefu ulionyooka, mikono miwili na mahali pa kuwekea miguu. Mbao zake ni nyeusi, aghalabu mpingo. Pa kukalia na pa kuegemea pamefumwa kwa uzi. Katika nyumba za wenye cheo wa Lamu, Pate na Siyu, kilikuwa kiti cha kumkirimia mgeni wa heshima. Juu ya weusi huo hung'aa vipande vyeupe vya pembe ya ndovu au mfupa, vilivyopangwa kwa mistari na maumbo yaliyolingana.

Njumu si rangi, wala si pambo lililobandikwa juu. Kwanza fundi huhakikisha kwamba mbao imekauka barabara, kwani mti huvimba kwa unyevu na kunywea kwa jua, ilhali mfupa haufuati mwendo huo. Kisha huchora mpaka kwa ncha kali, akachimba mfuo wenye kina pungufu kidogo ya unene wa ukanda. Mfuo ukiwa mpana, gundi itaonekana pembeni. Ukiwa mwembamba mno, ukanda utavunjika ukishindiliwa. Penye kona, ncha mbili hukatwa mshazari, digrii 45 kila moja, zikutane pasipo mwanya. Gundi ikishakauka, sehemu iliyochomoza hukwanguliwa hadi mti na mfupa viwe sawa. Vumbi la mpingo hufutwa mara kwa mara, lisije likautia mfupa madoa.

Ung'aavu wa pembe ulikuwa na gharama yake, nayo ni uhai wa ndovu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya nyara za wanyama mwaka 1978. Mnamo Julai 1989 tani 12 za pembe zilichomwa moto jijini Nairobi, na katika mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuizuia biashara hiyo duniani. Hata hivyo fundi wa njumu hakukosa cha kuzamisha mtini. Mfupa, ambao wazee waliutumia tangu zamani, hupatikana machinjioni; nao, ukichemshwa kuondolewa mafuta na kusuguliwa vyema, huwa mweupe wa kupendeza.

Basi msomaji anayetaka kununua meza au kasha lenye njumu asiulize kwanza kama ni pembe. Na apitishe kidole juu ya ukanda: kisikwame. Azitazame kona: zisiachane. Akishalifikisha nyumbani, aliweke mbali na jua kali, alifute kwa kitambaa kikavu. Thamani ya njumu imo katika mkono uliochimba mfuo, na mkono huo hauhitaji kumwua ndovu.