Kuchakaza F-5: Ilikuwa Zamu ya Nani?

Wale mnaofika hapa kutafuta mambo ya PHP na hifadhidata, leo mtanivumilia kidogo. Kwa miezi minne sasa jioni zangu hapa Uthiru zimeliwa na ndege ya kivita ya plastiki yenye urefu wa sentimita 20. Mke wangu anasema nimerudi utotoni. Huenda. Lakini ndege hiyo imenifunza jambo ambalo miaka kumi na mitano ya kuandika programu haikunifunza, kwa hivyo naona afadhali niwasimulie.

Ndege yenyewe ni F-5E Tiger II, kazi ya kampuni ya Northrop ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Kenya ilianza kuzipokea mwaka 1978, na nyumbani kwake ni kambi ya Laikipia, pale Nanyuki. Kama umekulia Nairobi unaijua sauti yake hata kama hujui jina. Nilipokuwa mtoto Kawangware tulikuwa tunapanda juu ya paa la ploti kila Desemba 12 kuzingoja zikielekea Nyayo. Unaziona kwanza, ngurumo inafuata nyuma kama mtu aliyeachwa na matatu. Nami nilikuwa na la kujivunia mbele ya wenzangu: "Ile ya kwanza ni ya mjomba wangu!"

Haikuwa yake. Mjomba hakuwa rubani, alikuwa fundi wa ndege. Aliingia katika ile miaka ambayo jeshi la anga liliitwa 82 Air Force, baada ya lile la awali kuvunjwa kufuatia jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Jina la Kenya Air Force lilirudi mwaka 1994, na mjomba alikuwa bado yupo Nanyuki na spana yake. Alipostaafu alirudi shambani, na tangu hapo ukimuuliza habari za kazi anakujibu habari za mahindi.

Sasa tuingie kwenye plastiki. Modeli yangu ni ya Italeri, aliniletea rafiki aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza. Kipimo chake ni 1 kwa 72, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72. Ndege halisi ina urefu wa mita 14.45, gawanya kwa 72 utapata zile sentimita 20 zangu. Shikeni hesabu hiyo, tutaihitaji baadaye.

Kuunganisha vipande si kazi ngumu. Gundi, msasa, uvumilivu. Kazi ni rangi. Picha niliyokuwa nayo inaonyesha ndege yenye mabaka ya kahawia na kijani mgongoni, nikaona dawa ni kushuka Kirinyaga Road, pale wanapochanganya rangi za magari. Nikamwonyesha fundi picha kwenye simu.

"Ni ya gari gani, boss?"

"Si gari. Ni ndege."

Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Imegongwa?"

Tulicheka sana, na rangi alichanganya vizuri kabisa. Bahati yangu ni kwamba sikuipaka moja kwa moja. Nilijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki, vile vya kulia keki. Thina ya rangi ya gari ilikila kile kijiko mpaka uso wake ukajikunja kama utando wa maziwa. Modeli nayo ni plastiki ya namna hiyo hiyo. Wenzangu wa programu, ile kanuni ya kujaribu kwenye mashine ya majaribio kabla ya kugusa seva ya wateja, ndiyo hiyo. Nikahamia rangi za akriliki zinazouzwa kwa wachoraji, na brashi ndogo ya hewa niliyoipata mjini kwenye duka la vifaa vya wapambaji wa keki.

Kwa wanaotaka kujaribu, mpangilio ni huu. Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta ya kuvibandulia kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Paka praima. Paka rangi yenyewe mara tatu au nne, nyepesi kila mara, ukingoja ikauke katikati. Kisha vanishi inayong'aa. Watu wengi huiruka hatua hii ya vanishi na hujuta, maana stika za maji zinahitaji uso laini la sivyo hewa hubaki chini yake na kuonekana kama ukungu. Pia hiyo vanishi ni kinga. Ukikosea juu yake unafuta makosa bila kugusa rangi ya chini, sawa na kuhifadhi toleo zuri la programu kabla ya kuanza kuvuruga.

Stika za Kenya nilizichapisha mwenyewe kwenye karatasi maalumu. Printa haina wino mweupe, kwa hiyo duara la rangi za bendera nililichapisha kwenye karatasi nyeupe na kulikata kwa wembe. Nilijaza ukurasa mzima wa A4 kwa maduara yale yale. Mke wangu aliuliza ni ya ndege ngapi. Nikamwambia ni nakala za akiba. Mungu mkubwa, nilizihitaji.

Baada ya hapo ndipo huja sehemu ambayo wapenzi wa modeli huiota: kuchakaza. Ndege mpya kabisa ya rangi moja safi huonekana kama kitu cha kuchezea. Kwa hiyo unaiongezea maisha. Unachukua rangi ya mafuta, unaizimua kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, unaigusisha kwenye mfereji mwembamba unaotenganisha mabati, nayo inakimbia yenyewe kufuata mfereji. Unafuta ziada kwa kitambaa kutoka pua kuelekea mkia, kwa sababu huko ndiko upepo unakoelekea. Ni raha isiyoelezeka. Na kwa kuwa ni raha, sikuacha. Niliongeza michirizi mieusi tumboni. Niliongeza moshi kwenye midomo ya mizinga miwili ya milimita 20. Kwa kipande cha sifongo nilidonoa rangi ya fedha kwenye kingo za mabawa, ionekane kama imebanduka, kisha kutu kidogo. Vanishi ile ya katikati niliisahau kabisa. Nilimaliza kwa vanishi isiyong'aa, nikaiweka juu ya kabati, nikaipiga picha ishirini.

Kipindi hicho hicho mjomba alikuwa kwetu. Alikuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho. Jioni ya kwanza, kabla ya upasuaji, nilimpa ndege mkononi nikiwa bado sijaichakaza. Hakuweza kuiona vizuri, ila vidole vyake viliitambua. Alipitisha dole gumba chini ya tumbo, akafika nyuma penye mabomba mawili ya moshi, akasema, "J85. Mbili." Hiyo ndiyo injini yake, J85 ya General Electric, na zipo mbili kweli. Nilimsomea rangi kama mtu anayemsomea mzee barua. Alikuwa akitabasamu. Sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu kuhusu kazi.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku chache baadaye, bandeji ikiwa imetoka, nilimletea ndege iliyokamilika, tukakaa kibarazani kwenye jua la asubuhi. Nilingoja sifa, sitawaficha.

Aliigeuza. Akaitazama tumboni, akaitazama mabawani, kimya, muda mrefu. Kisha akauliza kwa upole:

"Mpwa wangu, siku hiyo ilikuwa zamu ya nani?"

Sikuelewa. Nikamwambia, "Siku gani, Mjomba?"

"Siku ndege hii ilipoachwa hivi."

Akaanza kunionyesha kwa ukucha. Hapa umeweka kutu nyekundu kwenye bawa. Bawa ni alumini. Alumini haishiki kutu ya namna hiyo, ikiliwa hutoa unga mweupe, na fundi akiuona unga huo halali mpaka aushughulikie. Hapa umeweka mafuta meusi penye miguu ya tairi. Mafuta ya haidroliki ni mekundu, yametiwa rangi hiyo makusudi ili yakivuja yaonekane. Na huu mchirizi, una urefu gani? Nikaupima: sentimita 2. Zidisha kwa 72. Karibu mita moja na nusu ya mafuta yaliyovuja, na hakuna aliyeyafuta wala kutafuta yanakotoka.

"Ndege kama hii hatumpi mtu aruke," alisema. Halafu kwa mara ya kwanza maishani mwangu akanieleza alichokuwa akifanya. Kwamba asubuhi walipanga mstari, bega kwa bega, wakatembea polepole wakiokota vijiwe, misumari, hata kipande cha waya, kwa sababu injini hunyonya kila kitu na kijiwe kimoja kinatosha kuiua. Kwamba ndege huoshwa, hupanguswa, hukaguliwa kwa tochi, na mtu huweka sahihi yake kwenye kitabu. Jina lake. "Rubani anaondoka na sahihi yako," alisema. "Sasa wewe hapa umemchorea fundi mlevi."

Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Nilielewa kwamba nilitaka kumheshimu mzee, nikamtengenezea sanamu ya kazi ambayo hakuifanya. Yeye maisha yake yote alikuwa akiondoa uchafu, mimi nikadhani uchafu ndio ukweli wa ndege yake.

Wasomaji, nilifikiria hili kwa siku kadhaa nikiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way. Sisi tunaolinda mifumo tunajua hali hiyo. Ukiamka saa nane usiku kuondoa faili zilizojaa kwenye seva, asubuhi hakuna anayejua kwamba kulikuwa na tatizo. Kazi ya utunzaji ikifanywa vizuri haiachi alama. Kwa hiyo anayetafuta ukweli kwa kuangalia alama peke yake atamwona aliyezembea, na yule aliyekesha hatamwona kabisa.

Nikaanza upya. Bila ile vanishi ya katikati hapakuwa na njia ya mkato. Nilinunua spiriti kwenye duka la dawa, maana rangi ya akriliki huyeyuka nayo, nikafuta mpaka plastiki ya kijivu ikaonekana. Stika zote zilikufa. Ukurasa wangu wa A4 ukanitetea.

Safari hii mjomba alikaa pembeni yangu, na kila doa lilibidi lijibu maswali mawili: limeletwa na nini, na kwa nini fundi hakuliondoa? Jua la Nanyuki kupausha rangi ya mgongo: sawa, jua halifutwi kwa kitambaa. Nikachanganya kahawia na nyeupe kidogo, nikapuliza katikati ya mabati. Chuma cha mabomba ya moshi kugeuka rangi kwa joto: sawa. Rangi kulika mahali panapowekwa ngazi ya rubani, upande wa kushoto: sawa, wanakanyaga kila siku. Moshi wa mizinga: kidogo sana. Mistari ya mabati niliijaza kijivu badala ya nyeusi. Kutu: hapana. Mafuta meusi: hapana.

Ukiiona sasa utadhani sijafanya kitu. Mwenzangu mmoja kazini aliitazama akasema, "Hii umeikosea, iko safi mno." Nilitaka kumweleza, nikaacha.

Siku ya mwisho, kabla sijapuliza vanishi, mjomba aliomba brashi. Mkono wake unatetemeka siku hizi, kwa hiyo akaonyesha tu kwa ncha, karibu na mguu wa tairi wa kulia. "Hapa weka tone. Moja. Jekundu."

"Lakini Mjomba, si ulisema hamwachi mafuta?"

"Hatukuyaacha. Kulikuwa na moja hapo, ya ndege moja. Tulibadilisha mpira, tukabadilisha bomba, tukalifuta. Kila asubuhi nilikuta tone lingine. Sikuwahi kujua linatoka wapi." Akanyamaza kidogo. "Mpaka leo huwa nalifikiria."

Kila mtu aliyewahi kuandika programu ana tone lake la namna hiyo. Nikachovya ncha ya sindano kwenye rangi nyekundu, nikagusa mara moja. Halifiki milimita 1, yaani chini ya sentimita 7 kwenye ndege halisi. Lazima uigeuze ndege juu chini ulione. Mjomba alirudi shambani Jumamosi, na ndege iko juu ya kabati.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Tuonane.