Sayansi Inayoanzia Kisimani: Barua kutoka Minneapolis



Jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako Wasomali wengi wa Afrika Mashariki wamelowea, lilitoa mwaka 2019 viwango vipya vya elimu ya sayansi, yaani maelezo rasmi ya yale ambayo mwanafunzi wa kila darasa anatarajiwa kuyaelewa na kuyatenda, na viwango hivyo hutanguliza uchunguzi wa matukio mbele ya istilahi. Chukua mfano wa chumvi: majira ya baridi barabara za Minneapolis, jiji la jimbo hilo, humwagiwa chumvi, kwa kuwa maji ya chumvi huhitaji baridi kali zaidi ili yagande, na theluji inapoyeyuka chumvi hiyo huteremka hadi ziwani, isitoke tena kwa urahisi. Mwalimu anayeanzia hapo humfikisha mtoto kwenye dhana ya myeyusho, yaani kimiminika ambacho ndani yake kitu kimesambaa hata kisionekane, pasipo kumkaririsha fasili.

Theluji haina kazi Galbet, mtaa wa mjini Garissa; chumvi inayo. Visima kadhaa vya Kaskazini Mashariki mwa Kenya hutoa maji ya chumvi, ilhali Mto Tana huteremsha maji yenye tope, na sufuria mbili zinatosha kwa somo zima: maji ya mto yakiachwa yatulie, kisha yakachujwa kwa kitambaa kizito, sehemu kubwa ya tope hubaki nyuma, lakini ya kisima hata yakichujwa mara kumi ladha yake ni ile ile, mpaka jua liyakaushe na ukoko mweupe uonekane pembeni mwa sufuria. Mwanafunzi aliyeliona hilo anaweza kueleza kwa nini chujio halisaidii kisimani, na hilo ni swali la mtihani lenye thamani kuliko kuorodhesha njia za kutenganisha michanganyiko.

Hata hivyo, wanaodai kwamba mtaala wa wafugaji uishie kwenye ngamia na malisho wanawapunja watoto wa wafugaji hao, kwani mazingira ni mlango tu, na kanuni inayofikiwa lazima ifanye kazi Garissa na Minneapolis vilevile. Tena tukio moja hugusa mada nyingi: mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007, uliogunduliwa kwanza Garissa na kuua zaidi ya watu 150 nchini Kenya, uliunganisha mvua kubwa, mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala ardhini, virusi, mbuzi walioharibu mimba na watu walioshika damu ya mifugo. Kuukatakata katika sura zisizojuana ni kuupoteza.

Kenya ilianza kuuacha mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa mwaka 1985 kwa mtaala wa umilisi, yaani unaopima anachoweza kukitenda mwanafunzi, na Sayansi Jumuishi ikaingia Gredi ya 7 Januari 2023. Nia ni njema, ila baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, Januari 2020, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na masomo ya sayansi yaliumia zaidi. Mtaala unaozifaa shule za Garissa hutaja majaribio yanayowezekana bila maabara na humweleza mwalimu asiyesomea fizikia pale wanafunzi wanapokosea kwa kawaida; lakini mtihani ukiendelea kuuliza fasili, naye atarudi kufundisha fasili.