Sukari Ilipoanza Kupimwa Mlangoni

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alishikwa na sukari mwishoni mwa miaka ya 1980. Sisi watu wa Njoro tulijua mahali pamoja tu pa kuipima: hospitali kuu ya mkoa, Nakuru mjini. Alipanda matatu ya alfajiri bila kutia kitu kinywani. Huko, matone ya mkojo wake yalitiwa katika neli yenye dawa ya buluu, kisha ikachemshwa. Ikibaki buluu, alishukuru Mungu. Ikigeuka kijani, halafu manjano, mwishowe nyekundu ya tofali, alirudi nyumbani kimya.

Hatukuwa na umeme, sembuse friji. Chupa yake ya insulini ilikaa ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga nyuma ya jiko, na kazi yangu ilikuwa kuumwagia mchanga ule maji asubuhi na jioni.

Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada hospitalini, baada ya wagonjwa wasiolazwa kutibiwa bure tangu 1965. Mwenye malaria hulipa mara moja akapona. Mwenye sukari hulipa mwezi baada ya mwezi, maisha yake yote. Shangazi akawa anapunguza kipimo cha dawa ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi. Macho yakatangulia kuharibika, mguu ukafuata. Mwaka 2004 ada iliposhushwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya, tulikuwa tumekwisha kumzika. Mwaka 2013 ada hizo zikaondolewa kabisa, na mwaka huohuo huduma za afya zikawa mikononi mwa kaunti.

Nakuru ilikuwa imeonyesha mapema ukubwa wa tatizo. Mwaka 2007 na 2008, watafiti wa macho wakiongozwa na Dkt. Wanjiku Mathenge walizunguka vijijini na mitaani wakipima watu wa miaka 50 na kuendelea. Walitafuta upofu, lakini walipima pia damu: asilimia 6.6 walikuwa na kisukari, na nusu hivi walikuwa na shinikizo la damu. Niliposoma takwimu hizo nilimkumbuka shangazi na macho yake. Mwaka 2015 uchunguzi wa kitaifa ukaonyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi nchini hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja.

Mabadiliko niliyoyaona kwa macho yangu yalikuja baada ya Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipopewa mabegi yenye vifaa vya kupimia. Mhudumu wa kwetu, mama tunayesali naye, alifika kwa jirani yangu, mzee aliyekuwa akiamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo na kusingizia uzee. Mama yule alimpangusa kidole, akamdunga, akagusisha tone la damu kwenye mashine. Baada ya sekunde chache ikaandika 17.4. "Mzee, hii si ya kungoja kesho," akamwambia, akamwandikia barua ya kwenda zahanati.

Zahanati ilimpokea vizuri. Vidonge vya metformini havikuwapo, akaambiwa akanunue dukani. Mwezi uliofuata stripu za mashine ziliisha.

Hapo ndipo tulipo. Kupima kumetufikia nyumbani, na ni hatua kubwa ambayo shangazi hakuiota. Lakini anayeambiwa ana sukari kisha akakosa dawa ameongezewa hofu tu. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo 2030, asilimia 80 ya wenye kisukari wawe wamegunduliwa, na asilimia 80 ya hao sukari yao iwe imedhibitiwa. Hilo la pili halitimii bila dawa kwenye rafu.

Tangu Oktoba 2024, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, huduma za zahanati na vituo vya afya zinapaswa kulipwa na hazina ya afya ya msingi. Kwa hiyo nawaomba wawakilishi wadi wetu wa Nakuru: bajeti ijayo ikifika mezani, ulizeni kwanza metformini, insulini na stripu za miezi kumi na miwili ziko ukurasa gani. Nawe msomaji uliyevuka miaka arobaini, mhudumu wa mtaa wako akipita, mpe kidole.