Gunia lake liko wapi?

Nimeuza chakula kikavu cha mbwa hapa Nakivubo, Kampala, kwenye vibanda vya Container Village, miaka sita. Nilikuwa nakimimina kwenye beseni, napima kwa kilo, na gunia natupa. Punje nyekundu na kijani nilizisifu kuwa ni za nyama na mboga. Kumbe rangi tu, tena ya kumvutia mwenye pesa, maana mbwa haijali.

Msimu mmoja mfereji wa Nakivubo ulifurika, magunia yangu ya chini yakapata unyevu. Nikazianika punje juu ya turubai, nikazichanganya na kavu, nikauza. Ndiyo, niliuza. Sikujua kwamba mahindi yaliyomo yakiota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na jua haliiondoi. Hata joto la kiwandani haliimalizi.

Wiki iliyofuata akaja mteja wangu, mwanajeshi mstaafu.

"Kijana, mbwa wangu anatapika, macho yamekuwa manjano. Gunia lake liko wapi, nisome?"

"Nilitupa, afande."

"Kwa hiyo hata wewe hujui unachouza."

Mbwa alikufa. Hakuna aliyepima kilichomuua, lakini nilichompimia nakijua.

Tangu hapo nasoma gunia kabla ya kulinunua. Viungo huandikwa kwa uzito, kizito kwanza. Mahindi yakitangulia, hayo ndiyo unayolipia. Kisha protini. Gunia likisema protini 18% na maji 10%, gawanya 18 kwa 90: ukiondoa maji, protini ni 20%. Viwango vya AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama, vinataka angalau 18% kwa mbwa mzima na 22.5% kwa mtoto, navyo huhesabu bila maji. Chakula hicho kinamfaa mbwa mzima, watoto hakiwatoshi, nami nilikuwa nawauzia wote. Tena namba hiyo hutokana na naitrojeni, hata manyoya ya kuku huipandisha. Ndiyo maana natafuta jina la nyama au samaki.

Chakula kilichotiwa mukene, yaani dagaa, nakiponda, nakiloweka kwenye glasi ya maji. Mukene ulioanikwa chini huacha mchanga kwenye kitako cha glasi. Wateja hupenda kuutazama, wengine huondoka bila kununua.

Siku hizi nafungua gunia moja tu kwa wakati, punje zinakaa humo humo, mdomo umefungwa, maandishi yako mbele. Ukizikuta kwenye beseni, kwangu au kwa jirani, uliza gunia lake.